Jiwe la Mfuniko

Usiku wa jana niliota nimesajiliwa katika kozi ya miamba, ile ile ambayo mimi ni mpishi wake, na mtihani unaanza saa nne asubuhi. Sikuwa nimesoma chochote. Nilikuwa nimeloweka maharage tu.

Kozi hiyo ipo kweli. Kila mwaka mwezi wa saba, chuo kikifunga kwa likizo ndefu, wanafunzi wa jiolojia huletwa huku kwetu mlimani kwa wiki tatu. Mchana wanagonga mawe, jioni wanakula kwangu. Mdogo wangu Ambilikile ndiye aliyewaonyesha njia, akawabebea mawe yao na kuyaandika namba juu ya rangi nyeupe. Alifanya hivyo miaka kumi na saba. Alifariki mwezi wa tatu. Sasa wanafunzi wanakuja wiki ijayo, na Dokta Mbughi, mwalimu wao, amenipigia simu mara tatu. Mara zote tatu nimeiangalia simu mpaka ikanyamaza.

Katika ndoto nimesimama kwenye foleni mbele ya ukuta wa mwamba, nimekumbatia jiwe langu la jikoni. Ni jiwe jeusi lenye chembe za kijani, ukubwa wake kama mkate mdogo. Hulitumia kukandamiza mfuniko wa sufuria nikichemsha makande. Ambilikile aliliingiza jikoni siku moja, akaliweka juu ya mfuniko bila maelezo, akaomba chai. Baada ya msiba, vitu vyake vilipogawanywa, binamu yetu Gwakisa alichukua viatu, mwanawe akachukua koti, redio ikagombewa na watu wanne. Jiwe halikugombewa na mtu, kwa kuwa hakuna aliyejua lilitoka kwake.

Zamu yangu inafika. Dokta Mbughi ameketi kwenye meza ya chuo, na meza imesimama katikati ya kijito, lakini karatasi zake hazilowi.

"Jiwe hilo limeokotwa wapi?"

"Jikoni."

"Jikoni si mahali, mama. Mahali ni mlima, ni bonde, ni ukingo wa mto. Nani aliliokota?"

"Ambilikile. Unamjua."

"Namjua. Yuko wapi athibitishe?"

"Hayupo."

"Hayupo hapa, au hayupo?"

"Hayupo."

Akafungua daftari la mahudhurio, akatafuta jina kwa kidole, akaandika mbele yake: mtoro.

"Dokta," nikasema, "ulikuja msibani. Ulikula ndizi kwangu."

"Nilikuja kama mtu. Leo nimekuja kama kozi."

Kisha akanisomea kanuni, kana kwamba sijaisikia miaka kumi na saba kupitia dirisha la jiko: jiwe lisilo na namba, wala mahali, wala jina la aliyeliokota, ni kokoto. Saa saba kamili kokoto zote zinapelekwa barabarani. Nyuma yake waliketi akina mama watatu na nyundo zao, wapasua kokoto, na wote watatu waliliangalia jiwe langu kama mtu anavyomwangalia kuku wa jirani.

Nikauliza sasa nifanye nini. Akasema nifanye mtihani kama wenzangu, kisha akachukua chaki na kupanda ngazi kuandika kanuni ukutani.

Kanuni ya kwanza ilisema: *Tabaka la chini ni kubwa kwa umri kuliko la juu.*

Hiyo naijua. Ambilikile aliwahi kunieleza kwa sufuria: kilichotangulia kuingia ndicho kilicho chini. Nikamwambia makande hukorogwa. Akasema hata dunia, dada, wakati mwingine.

Lakini chaki ilipogusa nukta ya mwisho tu, wanafunzi wote waliacha foleni wakaanza kuchimba. Walichimba kwa nyundo, kwa sahani, mmoja kwa kitambulisho chake cha chuo. Sikuelewa mpaka nilipotaka kupita karibu na handaki la Halfani, mvulana wa miaka ishirini ambaye hawezi kuosha hata kikombe. Alikuwa amezama mpaka kifuani.

"Mama," akaniita kwa sauti nzito, "sijasikia salamu."

"Salamu gani?"

"Mimi niko chini yako. Kwa hiyo mimi ni mkubwa."

"Halfani, mwaka jana nilikuongezea maharage mara tatu kwa siku moja."

"Mwaka jana nilikuwa juu."

"Mimi nimezaliwa mwaka sitini na tisa."

"Mwaka hauonekani kwenye ukuta wa mwamba," akasema. "Kinachoonekana ni nani yuko chini ya nani."

Nikampa shikamoo, kwa sababu saa ilikuwa inakwenda. Akaitikia marahaba, akaniuliza watoto hawajambo, akaendelea kuchimba. Mtu akiwa na njaa ya heshima, umlishe apishe njia.

Kila handaki nililopita nilidaiwa shikamoo. Nilizitoa zote. Nilimwamkia msichana anayesuka nywele za mwenzake shimoni, nikamwamkia mende, nikaiamkia ndoo iliyodumbukia. Na Dokta naye, kila alipopanda ngazi kuandika zaidi, alizidi kuwa mdogo. Kwenye kipandio cha tano ndevu zilimwisha. Kwenye cha nane sauti ilikuwa imerudi kuwa ya kabla ya kubalehe, na aliwaamkia wanafunzi wake mmoja mmoja kwa majina.

Chini ya ngazi ilikuwepo dira. Ni ile dira ya Ambilikile yenye kioo kilichopasuka pembeni. Ilikuwa imelala chali kwenye vumbi, kwa hiyo nikaiamkia kabla haijasema.

"Marahaba. Simama wima nikupime."

"Nimesimama wima."

"Ndivyo wote husema." Sindano yake ikazunguka, ikatulia. "Umeinama digrii ishirini na tisa. Unaelekea kusini magharibi."

"Ni uchovu wa kupika."

"Uchovu wa kupika huinamia mbele. Wewe unainamia upande. Kusini magharibi kuna nini?"

Kusini magharibi, nyuma ya migomba ya baba, ndipo tulipomzika Ambilikile.

"Umeinama tangu lini?"

"Mwezi wa tatu."

"Nilidhani hivyo," ikasema dira. "Siku ile nilikuwa mfukoni mwa Gwakisa. Kila mtu alitupa udongo. Wewe ulisema mkono unauma."

"Uliuma kweli."

"Sikatai. Napima tu."

Nikaiuliza nitampata wapi Ambilikile, maana jiwe linahitaji shahidi na sasa ni saa tano na nusu. Ikanijibu kuwa yenyewe inajua kaskazini na mwinamo, habari za chini haikusomea. Hapo nilikasirika hasa. Nikakifunga kifuniko chake, na ikaendelea kuongea ndani.

Kanuni ya pili ilikuwa imekwisha andikwa: *Kila picha ya mwamba iwe na kipimo.* Hii nayo naijua. Wanafunzi hawapigi picha ya jiwe mpaka waweke kalamu pembeni yake, ili mtazamaji ajue ukubwa. Miaka mingine waliazima mwiko wangu na hawakuurudisha.

Msichana mwenye kamera, Vumilia, ananishika mkono. "Mama, kalamu zimekwisha. Simama pale uwe kipimo."

"Nina haraka."

"Ni picha moja tu."

Naweka jiwe chini, nasimama pembeni yake. Vumilia anaangalia ndani ya kamera, anakunja uso. "Imeandikwa hapa kwamba kipimo ni kalamu."

"Basi tafuta kalamu."

"Haiwezekani, nimeshabonyeza."

Na kwa kuwa picha ya kozi haikosei, nikawa na urefu wa kalamu.

Sikuwa na nguvu ya kulalamika. Nilipoinua uso, ukuta wa mwamba haupo, tuko jikoni kwangu juu ya mfuniko wa sufuria, mimi na jiwe, na jiwe limesimama mbele yangu kubwa kama nyumba ya bati. Chini ya miguu makande yanatokota. Nikapiga hodi.

"Nani?" likauliza jiwe.

"Mwenye sufuria."

"Aa. Mwenye mvuke." Halikufurahi. "Miaka yote hii umenikalisha juu ya mvuke wa maharage. Mimi nilitoka kwenye moto wenyewe, ule wa chini kabisa. Sasa natokwa jasho kama mtu wa ofisini."

"Pole. Nataka kujua uliokotwa wapi."

"Nilikuwa nimelala. Aliyebebwa usingizini ataijuaje njia?"

"Hukumbuki hata kidogo?"

"Nakumbuka vidole. Vilikuwa vimelowa. Muulize aliyeniokota."

"Ndiye ninayemtafuta."

"Basi pita ndani ushuke. Na ufunge mlango, kuna baridi."

Nikapita kati ya chembe mbili za kijani. Ndani kulikuwa na ngazi, na kila kipandio kilikuwa tabaka la mwaka mmoja wa kozi. Nilishuka kwenye majivu ya mwaka wa mvua nyingi, nikashuka kwenye maganda ya ndizi ya mwaka ule gari lilipokwama, nikashuka kwenye uji ulioungua. Katika kila tabaka wanafunzi wa mwaka huo walikuwa wamekaa na sahani zao, hawajazeeka hata siku moja.

"Mama, chumvi," walisema wa tabaka la kwanza.

"Mama, hakuna pilipili?" walisema wa chini yao.

Nikawaambia napita tu. Wakasema hata wao walipita tu, na mpaka leo hawajapewa chumvi. Kila tabaka nilitoa shikamoo, nikitapika heshima kama mtu aliyekunywa maji ya bwawa.

Ngazi iliisha kwenye chumba kidogo. Ambilikile alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, anapanga mawe, kama anavyokaa nyuma ya jiko langu jioni ya siku ya kazi. Amevaa viatu vyake.

"Si viatu hivyo alivichukua Gwakisa?"

Hakuinua uso. Akaendelea kupanga mawe, madogo kushoto, makubwa kulia.

"Ambi. Lile jiwe la mfuniko uliliokota wapi? Dokta anangoja, saa saba wanalipasua."

Akahamisha jiwe moja kutoka kushoto kwenda kulia.

"Ambilikile mwana wa mama yangu, nasema na wewe."

Akakohoa kidogo. Aliona aibu, niliijua kwa masikio yake. "Dada, huku chini kuna utaratibu."

"Utaratibu gani?"

"Unaujua. Umetoka nao huko juu."

Ndipo nikaelewa. Mende nimemwamkia. Ndoo nimeiamkia. Sasa nimesimama mbele ya mtoto niliyemzidi miaka kumi na miwili, na anangoja nimwamkie.

"Sitaki," nikasema.

"Sikuutunga mimi, dada."

"Nimekubeba mgongoni mpaka ukaota meno ya pili."

"Najua."

"Ulinikojolea nguo ya kipaimara. Nikaingia nayo kanisani hivyo hivyo."

"Najua. Lakini uko juu."

"Habari za huku?"

"Hiyo siyo."

"Mambo?"

"Dada."

Nikaona njia nyingine. Kiunoni nilikuwa nimechomeka mwiko wangu. Nikapiga magoti nikaanza kuchimba sakafu, ili nishuke chini yake, niwe mkubwa tena kama ilivyo haki, tuyamalize. Nilichimba mpaka mwiko ukavunjika kichwa. Sakafu haikupata hata mkwaruzo.

Aliniangalia muda wote bila kunicheka. "Hapo ndipo mwisho," akasema. "Na mimi nilijaribu."

Nikakaa chini na mpini mkononi. Nilikuwa nimechoka, na hasira yangu yote ilikuwa imebaki kidogo, kama maji chini ya mtungi. Nilijua kwa nini sitaki. Siyo heshima niliyomnyima. Ukimwamkia mtu kwa sababu yuko chini, umekiri kwamba yuko chini. Tangu mwezi wa tatu nimeweza kuwaambia watu wote kwamba mkono ulikuwa unauma.

Juu, mbali sana, nikasikia nyundo za wapasua kokoto zikijaribiwa.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, dada."

Hakuna kilichotokea. Sakafu haikutikisika. Alisogea tu kwenye ndoo akanipa nafasi, tukakaa wawili, kwa maana tulikuwa sawa kwa urefu sasa na sikujua ni lini imekuwa hivyo.

"Nililiokota kwenye kijito cha Kalalo," akasema, "kwenye kona ya pili, pale kwenye mgomba ulioanguka. Ila siyo mimi niliyeliokota kwanza."

"Nani?"

"Wewe. Siku barua ya kidato cha tano ilipokuja."

Ile siku sijawahi kumsimulia mtu. Mama alikuwa mgonjwa kitandani miezi mitatu, Ambilikile ana miaka sita, baba ameshika barua na haniangalii. Nilisema nakwenda kuchota maji.

"Nilikufuata," akasema Ambilikile. "Nilikuwa nyuma ya mgomba. Ulilia, kisha ukaingiza mkono majini ukatoa jiwe. Ukalinyanyua juu ya kichwa ulirushe. Nikasema moyoni, akilirusha anaondoka. Hukurusha. Uliliweka chini polepole, kama mtu anayeweka yai. Ukanawa uso, ukajaza ndoo, ukaja ukanipikia viazi."

"Vilikuwa vibichi."

"Nilivila." Akachukua kopo la rangi nyeupe na kijiti. "Nilipopata kazi ya mawe, wiki ya kwanza tu nilirudi pale. Lilikuwa palepale. Nikakaa nalo muda mrefu, sikujua nikupe vipi. Mwisho nikaona, huyu mtu humpi kitu, unaweka juu ya sufuria."

"Ungesema."

"Ungenifukuza jikoni."

Ni kweli, ningemfukuza.

Jiwe lilikuwa magotini mwake, limerudi kuwa saizi ya mkate. Sijui lilishukaje. Akalipindua, akapaka alama nyeupe, akaandika juu yake kwa wino: K 7. Saba yake inaegemea nyuma kama mtu aliyeshiba. Miaka kumi na saba wanafunzi walimcheka kwa saba hiyo, naye akaendelea kuiandika vilevile.

"Mahali, Kalalo. Mwokotaji, Tusekile," akasema. "Usiguse, rangi haijakauka."

Nikagusa. Mimi ni dada yake, sijawahi kumtii katika jambo lolote na sikuona sababu ya kuanzia pale.

"Ona sasa," akasema. "Umeiharibu pembeni."

"Inasomeka."

"Inasomeka," akakubali. "Nenda, ni saa saba kasoro."

Nikasema nitarudi. Akasema nisiwe na haraka, na hilo alilisema kwa heshima ya mkubwa kwa mdogo, nikalimeza.

Sikupanda ngazi yoyote. Niligeuka tu, nikajikuta mbele ya ukuta wa mwamba na urefu wangu wote. Dokta Mbughi alikuwa amefika kipandio cha mwisho cha ngazi, amekuwa mtoto wa miezi mitatu, analia, na hawezi kusaini. Nikatamani kulia naye. Akina mama wa kokoto walikuwa wameshakunja mikono ya nguo zao.

Ilibidi nimwendee Halfani, kwa kuwa sasa ndiye aliyekuwa chini kuliko wote. Handaki lake sasa lilikuwa na kina cha kisima, na huko chini yeye mwenyewe alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe mpaka tumboni. Nikamwamkia bila kuombwa. Nikamtelemshia jiwe na daftari la mahudhurio kwa kamba. Alilipindua, akasoma namba, akauliza nani kalichafua pembeni, nikasema mimi. Akasaini.

"Na huyu aliyeandikwa mtoro?" akauliza. "Bado hayupo?"

"Yupo," nikasema.

"Wapi?"

Nilishangaa jinsi neno lilivyotoka kirahisi. "Chini."

Akafuta neno lile moja kwa kidole kilicholowa mate, akaandika mawili: *Yupo. Chini.* Daftari likapanda na jiwe likapanda. Nyuma yangu wale akina mama watatu wakaweka nyundo mapajani, na mmoja akaniuliza kama kuna makande yaliyobaki.

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha, majogoo wameshanyamaza, na mtu wa jirani anafagia uwanja. Nililala hapo kidogo nikiwa nimechoka kama mtu aliyepikia kozi nzima. Kisha nikaenda jikoni kuweka maji ya chai.

Jiwe lilikuwa juu ya mfuniko. Nilitaka kulisogeza tu. Nikaona mwiko wangu umelala pembeni, na kichwa chake hakipo. Nikasema ni mwiko wa zamani. Nikalipindua jiwe.

Chini yake palikuwa na alama nyeupe, na juu ya alama K 7, saba imeegemea nyuma. Huenda ilikuwepo siku zote. Jiwe la mfuniko nani hulipindua. Ila pembeni ya alama palikuwa na doa la kidole gumba, na nilipokiweka changu juu yake, kilikaa sawasawa, kikatoka cheupe.

Simu ililia. Nikaipokea kwa mkono wa kushoto.

"Mama, shikamoo," akasema Dokta Mbughi, kwa sauti yake ya mtu mzima. "Nilidhani leo tena hutapokea. Tunakuja Jumatatu. Sijui kama utaweza."

"Marahaba," nikasema. "Njooni. Mje na mwiko."

Kisha nikaliweka jiwe dirishani, upande wenye namba juu, likauke.